Mkaguzi na Dakika Moja ya Shemeji

Kuna watu wakiona chombo kinaelea hudhani maji yenyewe ndiyo yaliyokiunda. Hawaulizi ni nani aliyechonga mbao, ni nani aliyeziba nyufa, wala kilijaribiwa mara ngapi kikazama. Wahenga waliwajua watu hao, wakasema ukiona vyaelea, vimeundwa; yaani kila jambo linaloonekana jepesi mkononi mwa mtu lina jasho lililotangulia. Mkaguzi aliifahamu methali hii tangu shule ya msingi. Katika mtihani aliieleza vizuri akapewa alama zote mbili.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kusahaulika. Kwa miaka ishirini alikuwa akikagua tiketi ndani ya treni, na kidole gumba chake kiliitambua tiketi bandia kabla macho hayajaisoma. Ubaya ni kwamba kazi ilimfuata mpaka nyumbani. Akinunua nyanya alizigeuza moja moja. Jirani akimsalimu kwa bashasha kidogo tu, alijiuliza anataka kukopa nini. Mkewe alikwisha kuzoea, akawa hata akirudi sokoni huacha mkoba wazi mezani ili mume wake asipate taabu.

Mwanamume huyu alipenda kitu kimoja kuliko usingizi: sataranji ya mtandaoni, ile ya dakika moja. Kila mchezaji hupewa sekunde sitini kwa mchezo mzima, na zikikwisha umeshindwa, hata kama mfalme wako ameketi salama salimini. Mkaguzi alicheza kati ya kituo na kituo, kibao cha tiketi kikiwa kwapani. Alicheza hivyo miaka kumi na mmoja, na alama zake zikabaki pale pale, elfu moja na mia tano, kama mshale wa mizani mbovu. Hata hivyo zilimtosha kuwa mtu wa nne katika klabu ya mji, na klabu ilipeleka watu wanne tu kwenye mashindano ya mwaka. Nafasi hiyo aliing'ang'ania kama kupe.

Ndipo akaja mdogo wa kike wa mkewe. Alikuwa amepata kazi katika kiwanda cha chupa, akapewa chumba cha uani akae mpaka ajipange. Watu wa nyumba ile walimwita Kimya kwa sababu maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Mkaguzi mwenyewe ndiye aliyemfundisha mchezo, akamshinda kila jioni kwa majuma sita, na kila ushindi aliutangaza mezani kama mtu aliyeua chui. Kisha Kimya akasema amechoka, akaacha kucheza kabisa.

Miezi minne baadaye alirudi mchezoni. Siku ya kwanza alimfunga Mkaguzi michezo saba kati ya kumi. Mwezi wa pili alama zake zilifika elfu moja na mia saba, na kwenye orodha ya klabu jina lake likawa la nne. Mkaguzi akawa wa tano.

"Huyu mdogo wako ana kitu," alimwambia mkewe siku hiyo.

"Ana akili," mkewe alijibu bila kugeuka kutoka kwenye pasi.

"Akili haipandi hivyo. Nauli ikipanda ghafla, ujue kuna mtu anakula."

Tangu hapo akawa macho. Alipita uani mara tatu kwa jioni moja, akijifanya anatafuta nyundo. Dirisha la Kimya lilikuwa wazi, naye alikuwa ameketi kitandani akicheza kwa simu. Jambo la kwanza aliloliona lilimpandisha damu: ndani ya sikio la shemeji yake, chini ya kitambaa cha kichwa, mlikuwa na kitu kidogo cha rangi ya chungwa. Jambo la pili lilimthibitishia la kwanza. Midomo ya Kimya ilikuwa ikinong'ona mfululizo, kama anayemjibu mtu.

La tatu alilipata kwa kalamu na saa. Alifungua michezo ishirini ya Kimya mtandaoni, akapima muda wa kila mwendo. Kisha akamwendea mkewe na karatasi mkononi.

"Tazama. Mwendo rahisi, sekunde moja. Mwendo mgumu, sekunde moja. Mimi nikibanwa nafikiri sekunde sita. Binadamu gani anayecheza hivi? Kuna programu inampa majibu, na kuna mtu anamsomea sikioni!"

"Binadamu aliyekushinda wewe," mkewe alisema. "Hilo ndilo linalokuuma, baba watoto. Usilitafutie nguo."

Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Mkaguzi aliandika ripoti ya kurasa mbili, akaipeleka kwa mwenyekiti wa klabu, mzee mstaafu aliyesomesha hisabati mpaka meno yakamtoka, na ambaye wote walimwita Mwalimu. Sheria ilikuwa wazi. Mwalimu akiigonga ripoti mhuri na kuituma kwa wenye mtandao, Kimya angefungiwa, jina lake lingewekwa alama ya udanganyifu ionekane na kila mtu, na asingeichezea klabu tena maisha yake yote. Mwalimu aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Mtu hahukumiwi kwa karatasi," alisema. "Jumamosi saa nane aje acheze mbele yetu, kwenye kompyuta ya klabu, masikio matupu."

Jumamosi ilipofika, chumba cha klabu kilichokuwa juu ya duka la viatu kilijaa watu mpaka ngazini. Kimya alikuja na dada yake, akiwa bado na sare ya kiwandani. Mwalimu alimwomba afunue masikio, naye akavitoa vile vitu vya rangi ya chungwa akaviweka mezani. Vilikuwa vizibo vya sponji. Mkaguzi alivichukua, akavibinya, akavinusa, akavirudisha bila kuridhika.

Wakaanza. Mkaguzi alishinda mchezo wa kwanza. Akashinda wa pili. Kimya alizoea simu, hakuwahi kucheza kwa kipanya cha kompyuta. Kila aliposogeza kwa haraka, kete ilidondoka kwenye mraba usio wake. Katika mchezo wa tatu alikuwa mbele kwa malkia mzima, sekunde zikamwishia. Minong'ono ikaenea chumbani kama moshi. Mkaguzi aliegemea kiti akakunja mikono, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemkuta abiria chooni bila tiketi.

Mwalimu alivuta mhuri karibu. "Una la kusema, binti?"

Kimya alikuwa amejikaza kisabuni, ila macho yalikwisha kulowa. "Ninalo, Mwalimu. Ninachofanyia mazoezi kiko chumbani kwangu, kwenye boksi chini ya kitanda. Naomba mtu akalilete. Asiende dada, mtasema tumepanga. Aende shemeji mwenyewe, na apekue anavyotaka."

Mkaguzi hakusubiri kuambiwa mara mbili. Alifika nyumbani akihema, akaingia chumbani mle kwa ari yote ya kazi yake. Aligeuza godoro, akakung'uta viatu, akafungua taa, akapapasa pindo za mapazia. Nguo alizitupa sakafuni moja baada ya nyingine. Hakuna waya, hakuna simu ya pili, hakuna chochote. Alipolivuta boksi, uzito wake ulimshangaza. Ndani mlikuwa na kadi zilizokatwa kwenye maboksi ya chupa, mamia kwa mamia. Kila kadi ilichorwa ubao wa sataranji kwa kalamu, na nyuma yake iliandikwa tarehe na sentensi moja. Alichomoa moja: "Shemeji kanifunga hapa, sikuona askofu." Akachomoa nyingine: "Shemeji tena. Kosa lile lile." Alikuta michezo yake ya majuma sita, yote, pamoja na ile aliyokuwa ameitangaza mezani.

Alianza kusita, lakini mazoea yana taabu. Alijiambia kwamba hata tapeli anaweza kuchora.

Alirudi klabuni akalitua boksi mbele ya Mwalimu. "Kadi ni hizi. Zinathibitisha nini?"

"Shemeji, wewe unakagua tiketi," Kimya alisema. "Mimi nakagua chupa. Chupa zinapita mbele ya taa, moja kila sekunde, mimi natoa zilizopasuka. Nikisita, imeshapita. Lakini siku ya kwanza hawakuniweka kwenye mstari. Walinipa chupa mbovu mia mbili, nizishike, nizitazame polepole mpaka nizijue nyufa zake. Hakuna anayeanza na mstari."

Huenda hakuwa amewahi kusema maneno mengi kiasi hicho kwa mkupuo mmoja.

"Nikaona kwenye mchezo nilianza na mstari. Nilikuwa narudia makosa yale yale, kwa haraka zaidi tu. Ndiyo nikaacha kucheza. Miezi minne nilichora michezo niliyoshindwa, sehemu nzima na sehemu zenye kosa, nikazitazama hizo kadi polepole. Halafu nikaanza kuzipitisha, moja kila sekunde, nikinong'ona nzima au mbovu, kama ninavyofanya hata nikicheza. Kiwandani tunaziba masikio kwa ajili ya kelele, nimezoea kutazama hivyo."

"Zipitishe," Mwalimu aliamuru, akazichanganya kadi mwenyewe.

Mkaguzi akawa anazinyanyua. "Nzima. Nzima. Mbovu. Nzima. Mbovu." Kimya hakusita hata mara moja. Kadi thelathini zilipita, na Mwalimu aliyekuwa akisoma nyuma ya kila moja hakupata kosa.

"Amezikariri!" Mkaguzi alifoka.

"Basi chora ambayo hajaiona."

Mkaguzi alifikiri kidogo, kisha akatabasamu. Alifungua simu yake, akachagua mchezo aliocheza Alhamisi kwenye treni, mchezo mzuri alioushinda na kujivunia, akauchora katikati yake kwenye karatasi. Akainyanyua juu ili kila mtu aone.

"Mbovu," alisema Kimya, karatasi haijatulia hewani.

Mkaguzi alicheka kwa sauti. "Mchezo huu nimeshinda mimi! Mwenzangu kazidiwa kabisa!"

"Umeshinda kwa sababu naye hakuona, shemeji." Alisogea akaweka kidole kwenye karatasi. "Farasi wake anaruka hapa. Anamtisha mfalme na malkia kwa pamoja. Mfalme lazima akimbie, malkia analiwa."

Mwalimu alivaa miwani, akainama juu ya karatasi kwa muda mrefu. Mwishowe akatikisa kichwa kukubali, akamtazama Mkaguzi kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi waliokuja bila kufanya hesabu zao.

"Nikuulize. Katika miaka kumi na mmoja, umeirudia michezo mingapi uliyoshindwa?"

Mkaguzi alitazama boksi la kadi. "Nikishindwa," alisema taratibu, "nabonyeza mchezo mwingine."

Hakuna aliyecheka, na hiyo ilimuuma kuliko kicheko. Mwalimu alimkabidhi ripoti ili aichane mwenyewe. Mkaguzi aliisoma tena kabla ya kuichana, kwa kuwa hakuweza kuchana kitu bila kukikagua. Masikio yaliyozibwa, midomo inayonong'ona, mwendo wa sekunde moja: hakuwa ameandika uongo hata mstari mmoja. Yote aliyaona kwa macho yake, na yote alikuwa ameyasoma vibaya. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Aliichana vipande vipande, akamgeukia shemeji yake.

"Nimekukosea. Nimekuvunjia heshima mbele za watu. Nisamehe."

"Nimekusamehe," Kimya alisema, huku akifuta macho kwa ukingo wa sare. Dada yake alikuwa amemshika bega. "Nafasi ya nne naichukua lakini."

"Ichukue. Ni yako."

"Na chumba changu kakipange kama ulivyokikuta."

Hapo ndipo watu walipocheka, na Mwalimu pia.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya mapaa, Mkaguzi alipiga magoti kwenye sakafu ya chumba cha uani, akikunja nguo moja moja na kulirudisha godoro mahali pake. Mkewe alikuja akasimama mlangoni, akamtazama akihangaika na pindo za pazia.

"Kile ulichokuwa unakitafuta humu umekipata?"

"Nimekipata."

"Nini?"

Mkaguzi alikaa juu ya visigino vyake. Mikono yake ilikuwa na vumbi la chini ya kitanda. "Kazi, mke wangu. Kazi tupu, boksi zima." Akasita kidogo, kisha akaitamka kwa mara ya kwanza tangu ule mtihani wa shule, na safari hii bila kutafuta alama za mtu: "Ukiona vyaelea, vimeundwa."