Maji ya Shamba Moja

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale mapema. Hii si hadithi ya kubembelezea watoto. Ni hadithi ya kugombania, na nimeshaona mtu na mkewe wakinuniana kwa ajili yake mpaka uji ukapoa.

Juu kwenye milima ya Upare palikuwa na kijiji, na juu ya kijiji palikuwa na ndiva, yaani bwawa la udongo lililochimbwa na watu wa zamani ili likinge maji ya kijito. Ndiva ikijaa, mlinzi wake huzibua tundu kwa mti mrefu, na maji hushuka kwa mifereji kwenda mashambani. Mlinzi alikuwa Senkondo, mtu mpole kupita kiasi, asiyetaka ugomvi hata na mbuzi aliyeingia kwenye mboga zake. Upole huo mtaujua vizuri baadaye.

Katika kijiji hicho waliishi watu watatu wenye vipawa. Nakijwa, mjane mwenye binti mmoja, alipewa masikio: alisikia maji yanayopita chini ya ardhi kama wewe unavyosikia chungu kinachochemka chumba cha pili. Kadeghe alipewa mikono, na jiwe lililowashinda wanaume wote wa kitongoji aliliondoa huku akiendelea na mazungumzo. Mrindoko alipewa baragumu na moyo wa kulipulizia, maana hakuwahi kumwita mtu kwenye kazi akamwacha arudi kwake na njaa. Kwa hiyo alipopuliza, watu walikuja.

Sasa Nakijwa alikuwa na hasira, na msiniambie mwanamke mwenye hasira ana kasoro kabla hamjasikia sababu. Kila mwaka kijiji kilifanya msaragambo, kazi ya wote, kukwangua tope lililojaa kwenye ndiva. Walijisifia sana kazi hiyo. Ukoo huu ulishindana na ukoo ule nani atakwangua zaidi, mpaka sakafu ya ndiva ikang'aa. Nakijwa alikaa nje ya ukingo, kwa kuwa mwanamke haruhusiwi kukanyaga ndani ya ndiva, akasikia sakafu ikilia utupu. Akamwendea Senkondo, akamwambia kwamba wanachokwangua si tope tena, ni ule mfinyanzi unaoshika maji. Senkondo akasema atalifikisha. Hakulifikisha, kwa kuwa angelifikisha wangegombana naye.

Mwaka uliofuata akalisema mwenyewe mbele ya mkutano. Wakacheka. Mmoja akamwambia akasikilize vyungu vyake, na msaragambo wa mwaka huo wakakwangua zaidi, kusudi. Kadeghe na Mrindoko walikuwepo. Hawakucheka, ila hawakusema neno.

Basi sakafu ikatoboka. Maji yaliyoingia mchana yakawa hayaonekani asubuhi, na ilitokea mwaka wa ukame, mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Mashamba ya juu yakakauka yote, wenyewe wakakata mabua wakalisha ng'ombe. Yaliyobaki na uhai yalikuwa matatu tu, yale ya bondeni ambako udongo hushika unyevu kidogo: la Nakijwa, la Kadeghe na la Mrindoko. Nayo yalikuwa yameanza kukunja majani.

Mngedhani Nakijwa alifurahi kuona maneno yake yametimia. Hakufurahi hata kidogo. Mumewe alipofariki, ukoo ulikubali abaki na shamba kwa sharti moja: avune kila mwaka. Mwaka shamba litakapolala bila mavuno, linarudi kwa ukoo, naye na binti yake watafute pa kwenda. Wanaume wa ukoo walishaanza kupita kando ya mahindi yake, mikono nyuma, wakitazama yanavyonyauka. Walimsalimia kwa adabu sana, na adabu hiyo ndiyo iliyomchoma.

Siku moja akachoka. Mchana kweupe, wazee wakitazama, aliruka ukingo akaingia ndani ya ndiva. Wanawake wakajifunika nyuso. Mwanamume mmoja akamtupia donge la udongo likampata begani, naye hakugeuka. Akalala kifudifudi kwenye matope, sikio chini, akatambaa hivyo huku watu wakimtukana, mpaka akafika mahali mbali kabisa na pale wanaume walipokuwa wakichimba kutafuta panapovuja. Akaweka kiganja. "Hapa," akasema. "Chini kuna mwamba uliopasuka, na maji yanaingia humo."

Kadeghe akachukua jembe akachimba pale pale, na ufa ukaonekana. Ulihitaji jiwe kubwa la kuuziba, naye akalibingirisha kutoka mlimani peke yake. Lilipokuwa linaingia shimoni likateleza, likamponda mkono wa kulia. Angeweza kuruka pembeni akaliacha lipasuke. Hakuliacha; alilisukuma kwa bega mpaka likakaa, ndipo akaanguka. Mganga aliyemfunga alisema vidole vile havitashika mpini tena, kwa hiyo mahindi yaliyosimama shambani mwake ndiyo ya mwisho aliyoyapanda kwa mikono yake.

Jiwe peke yake halizibi. Ulihitajika mfinyanzi mpya wa kufunika sakafu yote hadi ukingoni, ubebwe kutoka bondeni kwa vichwa, na watu walikuwa hawana nguvu, wanakula mara moja au hawali. Mrindoko akapuliza baragumu, kisha akafungua ghala lake. Akatoa chakula, na kilipokwisha akatoa mbegu, vikapikwa, watu wakala wakabeba. Walipomaliza sakafu, mkewe alifagia ghala na hakupata hata punje ya kumtupia kuku.

Ndiva ikashika maji. Ondoa masikio, wangechimba mahali pasipo na ufa hadi leo. Ondoa mikono, ufa ungebaki wazi. Ondoa ghala, jiwe lingekaa pale kama pambo. Mpaka hapo hakuna wa kubishana.

Lakini kijito kilikuwa chembamba, na ndiva ilijaa polepole mno. Ilipokaribia ukingo, kila mtu alipima kwa macho akajua ukweli: hayo ni maji ya shamba moja. Kabla haijajaa tena, mengine mawili yatakuwa yamekufa. Na wewe mjanja uliyeko huko nyuma, unayetaka kusema yanyweshwe moja kisha wagawane mavuno, kaa kwanza. Shamba moja halilishi nyumba tatu hadi msimu mwingine, na ukoo wa mume wa Nakijwa unahesabu mavuno yaliyoota kwenye shamba lake, si yaliyoingia kwenye chungu chake.

Watu wakakusanyika ukingoni. Senkondo akasimama na mti wake wa kuzibulia, akasema kwa upole kwamba watu hawa wote ni sawa, kazi yao ni sawa, basi maji yagawanywe sawasawa, kila mfereji theluthi. Watu wengi wakaitikia kwa kichwa. Neno lilisikika vizuri, na lingewawezesha kurudi nyumbani mapema.

Nakijwa akapandwa na hasira. "Mzee Senkondo, hapo unatugawia nini?" akauliza. "Maji ya shamba moja ukiyakata mara tatu, ardhi iliyokauka itayanywa yote kabla hayajagusa mizizi. Mahindi yatakufa ya kwangu, ya Kadeghe na ya Mrindoko. Unataka tufe sawasawa ili wewe ulale vizuri."

Hakuna aliyelitaja tena wazo lile, na wewe pia usilitaje.

Ndipo Kadeghe akafungua kitambaa alichofungwa mkononi, akawaonyesha. Hakupandisha sauti. "Mimi siombi, ndugu zangu," akasema. "Nakijwa alionyesha, akaondoka mzima. Mrindoko alitoa mbegu, na mbegu mtu hupanda akapata nyingine. Mkono huu nitaupanda wapi?"

Mrindoko naye akasema hana la kujisifia, ila wanawe wamelala na njaa jana na watalala na njaa leo, na njaa yao haikuletwa na ukame. Ililetwa na watu waliosimama hapo. "Msinipe kwa kunihurumia," akasema. "Nirudishieni kwa sababu mlikula."

Nakijwa aliwasikiliza wote wawili, na kilichomkasirisha zaidi ni kwamba hakusikia uongo. Alitamani mmoja wao awe laghai, amchukie, amalize. Ilipofika zamu yake alizungumza akiwatazama wale waliomcheka.

"Mimi sidai kwa ajili ya kutambaa matopeni," akasema. "Niliwaambia mapema. Mngenisikia, mkono wa Kadeghe ungekuwa mzima, na ghala la Mrindoko lingekuwa limejaa. Mlininyima haki ya kusema, sasa mnataka kuninyima na shamba. Nadai mnirudishie mlichonivunjia."

Kisha mama mmoja, jirani yake wa siku zote, akamjibu taratibu kwamba anayoyasema ni kweli tupu, lakini akipewa maji yeye, atakayelipa si wale waliocheka. Mashamba yao yalishakauka, hawana cha kupoteza. Watakaolipa ni Kadeghe na Mrindoko, ambao hawakumcheka. Nakijwa alitaka kumjibu kwamba hawakumtetea pia, na kwamba kunyamaza nako ni kitu. Lakini hakuwa na hakika kunyamaza kunalipiwa kiasi gani.

Wakaanza kubishana wote. Wengine walipiga kelele kwamba aliyeumia apewe, wengine kwamba mwenye njaa apewe, wengine kwamba aliyeonewa apewe. Mmoja akataka wapige kura ya vijiti, akazomewa na wale ambao hawakuwa na hakika ya kushinda. Wakati wanabishana maji yalifika ukingoni, na ule mfinyanzi mpya, ambao haujakauka vizuri, ukaanza kutoa jasho. Ukiachwa hivyo kidogo tu utamomonyoka, na kazi yote ya masikio, mikono na ghala itashuka bondeni kama tope.

Senkondo akayaona hayo, akafanya jambo ambalo halijawahi kufanywa. Alimwendea Nakijwa, akampa ule mti. "Wewe ndiye uliyesema tulikunyima haki ya kusema," akamwambia. "Amua wewe, mama. Utakaposema, mifereji miwili itazibwa, na mmoja utaachwa wazi. Hakuna atakayebisha."

Naapa kwamba hata leo nashindwa kujua kama ile ilikuwa heshima au ni upole wake ule ule. Nakijwa alijua. Alitazama wale watu waliomfungia mdomo miaka yote wakiwa wametulia, wanangoja, na akaelewa kwamba wamempa mti siku ambayo mti hauna jibu jema. Akifungua mfereji wake, watasema mwanamke kashika ndiva mara moja na la kwanza alilolifanya ni kujipendelea, na hakuna mwanamke mwingine atakayeushika. Akifungua wa Kadeghe au wa Mrindoko, watamsifu sana, na msimu ukiisha ukoo utakuja, kwa adabu, kuchukua shamba. Akiurudisha mti, hana haki tena ya kukasirika. Alikasirika, lakini hakuuachia.

Akatazama upande mmoja, Kadeghe alikuwa anajifunga kitambaa kwa meno. Akatazama upande wa pili, mtoto mdogo wa Mrindoko alikuwa analamba kiganja ambacho hakikuwa na kitu. Akatazama chini bondeni, akamwona binti yake amesimama katikati ya mahindi, anangoja aone maji yanakuja au hayaji. Ukingoni, mfinyanzi ukamong'onyoka kipande cha kwanza.

Nakijwa akaingiza mti kwenye tundu.

Mimi nimemwacha hapo, mti mikononi, na sitamtoa. Nyinyi ndio mtamtoa. Semeni anyweshe shamba la nani, la aliyetoa mkono wake, la aliyetoa chakula cha wanawe, au lake mwenyewe aliyeonya watu wakamcheka? Msinijibu kwa upole wa Senkondo, maji hayangoji. Je, wewe ungeamua vipi? Na kabla hujafungua mdomo, hebu tuambie kwanza, bila kuficha: shamba lako wewe liko kwenye mfereji upi?