Alama za Nguchiro Kichuguuni

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, kabla punda hajajua kupiga teke, Swila, nyoka mwenye sumu kali, alimfukuza Nguchiro shimoni mwake. Akaingia yeye, akajikunja, akalala. Mke wa Nguchiro alikuwa mjamzito, na mvua zilikuwa karibu.

"Mume wangu," akasema, "mimi sizai kwenye tope."

Nguchiro akaenda kwa Nyegere, mwalimu wa mapigano. Nyegere yule, hata Simba akimwona hugeuza njia. Alifundishia mbele ya kichuguu kirefu, na desturi yake ilikuwa moja. Jioni kila mwanafunzi huchovya mkono katika udongo mwekundu, huruka, hupiga kichuguu. Mkono ulipofika, alama hubaki.

Nyani akaruka. Paa! Kule juu. Nguchiro akaruka. Pa. Huku chini, majanini.

Nyani akacheka mpaka akashika mbavu. "Ndugu yangu, unakipiga kichuguu au unakibembeleza?"

Nguchiro akaona haya. Kesho yake akaruka, akapiga, kisha akafuta alama yake kwa mkia, fyu fyu, wenzake wasiione. Keshokutwa vilevile. Mwezi ukaandama, mwezi ukaisha, Nguchiro ni yuleyule: anaruka, anapiga, anafuta. Na kila jioni anaitazama alama ya Nyani, moyo unamshuka.

Siku moja mawingu yakatanda.

"Mwalimu, naomba kuondoka," Nguchiro akasema. "Siendi mbele. Jasho langu limepotea bure."

"Umejuaje?"

"Si unaiona alama ya Nyani?"

"Kwani Nyani ndiye aliyelala shimoni mwako?"

Nguchiro akageuka, akakitazama kichuguu.

"Ruka," Nyegere akasema. "Na leo usifute."

Akaruka. Paa! Nyegere akainama, akafunua majani chini ya kichuguu. Palikuwa na alama moja ndogo, ile ya siku ya kwanza. Majani yaliificha, mkia haukuifikia. Nguchiro akatazama chini. Akatazama juu. Chini, juu.

"Hii ya juu ya nani?" akauliza.

"Udongo wake haujakauka. Tazama mkono wako."

Akautazama. Furaha ikamjaa kifuani. "Na Swila akisimama wima, anafika wapi?"

Nyegere akagusa kichuguu, katikati ya alama hizo mbili. Nguchiro hata kuaga hakuaga.

"Toka," akasema mlangoni pa shimo.

Swila akatoka, akatunisha shingo, akasimama. "Ni wewe? Si juzi ulikimbia hapa?"

"Yule alikuwa mwingine."

Swila akarusha kichwa, fyaa! Nguchiro juu. Fyaa! Nguchiro juu. Fyaa, fyaa, mpaka Swila akachoka, shingo ikalegea. Hapo Nguchiro akamshukia kisogoni, akambana chini. Swila akaomba njia, akapewa, akaenda zake. Mvua ilipoanza, pa pa pa, mke wa Nguchiro alikuwa ndani, pakavu, amelala na wanawe.

Lakini kabla ya mvua, jioni iliyofuata pambano, Nguchiro alikuwa kichuguuni. Akaruka, akapiga.

"Bado uko chini yangu," Nyani akasema.

"Ndiyo," Nguchiro akajibu, huku akiitafuta alama yake ya jana.

Basi wanangu, na ninyi wakubwa mnaosinzia, sikieni. Ukijipima kwa mwenzako hutajua umefika wapi. Jipime kwa ulivyokuwa jana, wala usipaonee haya ulipoanzia ukapafuta.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayetaka kuruka, kichuguu kile pale.