Hodi Kwenye Magofu

Niitikieni, jamani, nisiogope peke yangu! Alikuwako Mwanatumu, akaenda na mwanawe mchanga kutembelea magofu ya mji wa kale kando ya mto. Mlangoni, kwa adabu alizolelewa nazo, akapiga hodi. Kimya. Hodi! Kimya. Hodi!

"Karibu, mwanangu." Kumbe ni zimwi! Mkono mrefu ukachomoza ukutani. "Lete mjukuu nimpakate."

"Ana mafua, bibi."

"Lete."

"Kalala, bibi."

"Lete!"

"Kajikojolea, bibi. Nisindikize mtoni nimwoshe kwanza."

Zimwi likamsindikiza, lakini mazimwi hayavuki maji. Mwanatumu akajitosa, akavuka mbio, mtoto kifuani.

"Umenitembelea," likapiga kelele, "nami nitauzunguka mto nije kwako!"

Hadithi inaishia hapa, na hodi ikipigwa sasa hivi, jamani, asiseme mtu karibu.