Kitambaa Chini ya Utomvu

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika nchi ya mbali ya Korea, ambayo mabaharia wa Kiarabu wa kale waliiita Sila, palikuwa na mtaa mdogo wa Waislamu. Babu zao walifika huko na misafara ya biashara, wakaoa, wakajifunza lugha na kazi za wenyeji, wakajenga msikiti wa mbao wenye paa la vigae. Katika mtaa huo aliishi fundi mmoja akiitwa Burhanuddin, mtu wa swala na saumu, na kazi yake ilikuwa kutengeneza masanduku meusi yanayong'aa.

Niwaeleze kidogo kazi yenyewe, maana asiyeijua kazi hawezi kuijua dhambi iliyofanyika ndani yake. Kuna mti unaochanjwa gome ukatoa utomvu. Utomvu huo ukiwa mbichi huwasha, na mwenye kuanza kujifunza huota malengelenge mikononi mwaka mzima. Fundi huunda sanduku la mbao, kisha hulivika kitambaa cha katani kilicholoweshwa utomvu, hasa penye maungio, ili mbao zikitanuka na kusinyaa zisiachane. Juu ya kitambaa hupaka udongo laini uliochanganywa na utomvu, akausugua, halafu utomvu mtupu, akausugua, halafu tena. Hukata maganda ya chaza vipande vyembamba, akayapanga yakawa maua, akayapaka na kuyasugua hadi yang'ae. Mafundi wa rangi kwetu wakipiga mikono miwili, yaani tabaka mbili, hujiona wamemaliza. Burhanuddin alipiga thelathini. Na kila mkono husubiri siku zake katika chumba chenye unyevu, kwani utomvu huo una ajabu yake: jua haliukaushi, hukauka penye unyevunyevu. Kazi ikiisha, kitambaa hakionekani tena. Fundi peke yake ndiye ajuaye kama kimo au hakimo.

Ikatokea kwamba wazee wa mtaa walimwomba atengeneze sanduku la kuhifadhia msahafu wa msikiti, ulioandikwa kwa mkono na mmoja wa wale babu wa kwanza. Burhanuddin akasimama mbele ya watu akasema, "Usiku wa kwanza wa Ramadhani mtaukuta msahafu ndani yake." Wapo wanaosema kwamba hakutamka inshallah. Wengine wanasema aliitamka, lakini kwa sauti ya mtu asiyeihitaji.

Mwaka huo mvua zilichelewa na hewa ikawa kavu. Sanduku la majaribio alilolipaka lilikaa wiki tatu, bado likinata vidoleni, na Shaabani ikawa inakaribia. Angeweza kwenda kwa wazee akasema, "Wazee wangu, kazi haijawa tayari." Maneno matano tu, na yalimshinda. Mtu aliyejisifu mbele ya kadamnasi huona maneno kama hayo kuwa mazito kuliko mlima. Basi akaacha kitambaa. Akaacha na udongo, akapaka utomvu moja kwa moja juu ya mbao. Kile kitambaa cha katani alichokwisha kukikata akakitumia kuchujia utomvu, kisha akakitupa. Nafsi ikamletea udhuru, kama kawaida yake: si matendo huzingatiwa kwa nia? Na nia yake si kukitukuza Kitabu cha Mola wake? Laiti nafsi zetu zingekuwa hodari katika ibada kama zilivyo hodari katika udhuru!

Usiku wa kwanza wa Ramadhani sanduku likawekwa mbele ya jamaa. Maua ya chaza yalimetameta chini ya taa, na watu wakatokwa na machozi. Imamu Jalaluddin akasema, "Itazameni subira ya mja huyu, mfunge Ramadhani yenu kwa subira kama yake." Burhanuddin akainamisha kichwa kwa aibu. Watu wakanong'onezana, "Oneni alivyo mnyenyekevu."

Msikiti huo ulikuwa na mtunzaji wake, mjane mzee aitwaye Bi Turkan. Yeye ndiye aliyefagia, akajaza mafuta ya taa, akatandika mikeka, na ndiye aliyeshika ufunguo. Chumba chake kilikuwa ubavuni mwa msikiti, na hakuwa na makao mengine. Ilipofika baridi kali, moto ukawashwa jikoni na moshi wake ukapitishwa chini ya sakafu, kama ilivyo desturi ya nchi ile, hadi mawe ya sakafu yakawa ya moto. Sheria ilijulikana na kila mtu: sanduku la msahafu likae rafuni, lisiguse sakafu.

Asubuhi moja ya Ijumaa sanduku likakutwa na ufa uliokatiza mfuniko kutoka pembe hadi pembe, na maua mawili ya chaza yamebanduka. Wazee wakamwita Bi Turkan.

"Bi Turkan, uliliweka sakafuni?"

"Sikumbuki kuliweka," akajibu. "Lakini mimi ni mzee, nasahau. Siwezi kuapa kwamba sikuliweka."

Ukweli wake ndio uliomponza. Mwongo angeapa na angebaki na ufunguo wake. Wazee wakamgeukia fundi. "Burhanuddin, moto wa sakafu unaweza kupasua sanduku namna hii?"

Akasema, "Unaweza."

Na kweli unaweza. Tazameni jinsi mtu anavyoweza kusema kweli na kuwa mwongo kwa neno lilo hilo. Bi Turkan akavuliwa ufunguo siku hiyo, akafunga mikeka yake na sufuria yake, akaenda kukaa kwa binti wa dada yake mwisho wa mtaa.

Wahenga walisema, aibu ya maiti aijuaye mwosha. Burhanuddin aliendelea kuswali safu ya mbele, na kila akiinua macho aliuona ule ufa. Akabadili akaswali safu ya nyuma, na watu wakazidi kumsifu kwamba hapendi makuu. Lakini hakusema. Tena hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana nakisimulia kisa chake. Kwa mtu mbaya nisingejisumbua, wala nisingejiona ndani yake.

Zikapita siku arobaini. Siku ya Alhamisi, baada ya alasiri, Bi Turkan akaja kwenye karakana yake. Alikuwa amekonda. Akaketi kwenye kizingiti, mkononi ana kitu kilichokunjwa vizuri.

"Mwanangu Burhani, nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini, bibi?"

"Ya miezi yako. Nasikia kazi hii hula subira mpaka subira yenyewe ichoke, na mimi nimeiharibu kwa usahaulifu wangu. Nimefunga siku arobaini, Mwenyezi Mungu azikubali. Na katika siku hizo nimefuma hiki." Akakunjua kitambaa cha katani. "Wameniambia kwamba nyinyi mafundi huvika mbao kitambaa ndani, ndicho kinachozishika. Ukitengeneza jingine, livike hiki. Najua hakitaonekana. Nami sitaki kionekane."

Hapo alipaswa kusema. Mlango ulikuwa wazi, mwenye haki yake ameketi kizingitini. Ulimi ukageuka kinywani, na lililotoka likawa hili: "Mungu akusamehe, bibi."

Kila nikifika hapa uso hunichoma, kana kwamba ni mimi niliyesema. Yule mama alilia kwa furaha, akamwombea dua yeye na kazi ya mikono yake, akajikongoja akaenda zake.

Burhanuddin akabaki na kitambaa. Ufumaji ulikuwa wa kubana, wa mtu asiye na haraka. Mahali pamoja uzi ulikatika, na ilionekana wazi kwamba Bi Turkan alifumua kazi ya upana wa vidole vitatu, akaunga uzi kwa fundo dogo, akafuma upya. Mahali ambapo hapangeonekana na mtu yeyote! Akalitazama fundo lile hadi macho yakamwuma. Kisha akainuka akaenda kwa Imamu Jalaluddin, akamweleza yote, akamwomba amfundishe namna ya kutubu.

Imamu naye akaikumbuka hotuba yake ya usiku wa Ramadhani. Kisha akasema, "Toba ya Mola wako ungeweza kuifanya kule karakana. Haki ya mja humtaka mja mwenyewe. Na ulimvunjia heshima mbele ya watu, huwezi kumrudishia uchochoroni."

Kesho yake, baada ya swala ya Ijumaa, Burhanuddin akaomba Bi Turkan aitwe, na watu wasiondoke. Akalichukua sanduku lake lililosifiwa, akashika mfuniko kwa mikono miwili, akauvunja penye ufa. Mbao zikaonekana, tupu.

"Tazameni," akasema. "Hakuna kitambaa. Lingepasuka hata kama lingewekwa mawinguni. Niliharakisha ili nisiaibike, kisha nikamwacha mama huyu aaibike badala yangu."

Wazee waliomhukumu walitazama mikeka. Bi Turkan akasogea, akapitisha kidole kwenye ubao.

"Kwa hiyo sikuliweka sakafuni?"

"Hukuliweka, bibi."

"Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba akili imeniondoka," akasema polepole. "Hata swala nilikuwa nazirudia, nikidhani nimesahau rakaa."

Burhanuddin akaanguka kwa magoti, akalia mbele ya watu wote, na safari hii hakuna aliyekiita kilio hicho unyenyekevu. Mama yule akamwacha alie. Kisha akasema, "Jana uliniambia, Mungu akusamehe. Leo nakuambia wewe, mwanangu: Mungu akusamehe. Na mimi nimekusamehe."

Akarudishiwa ufunguo wake saa ileile, na wazee wenyewe wakambebea mikeka.

Sanduku la pili lilichukua miaka miwili na zaidi. Ramadhani mbili zilifika, na katika kila moja fundi alisimama mbele ya jamaa akasema, "Wazee wangu, kazi haijawa tayari," na msahafu ukabaki umefungwa kwa kitambaa cheupe. Mwishoni akalileta. Lilikuwa jeusi, tulivu, lisilo na maua mengi. Lakini ndani ya mfuniko aliacha mahali padogo, kadiri ya ukucha wa kidole gumba, pasipopakwa kitu. Hapo katani ilionekana, pamoja na fundo dogo la uzi.

Bi Turkan alipolifungua akapagusa, akatabasamu. "Si nilikuambia sitaki kitambaa changu kionekane?"

Burhanuddin akajibu, "Chako ni hicho kingine chote, bibi, nacho kimefunikwa. Hapo panapoonekana ni pangu."

Ndugu yangu msomaji, nimekaa na kisa hiki muda mrefu kabla ya kukiandika. Nimewahi kusifiwa kwa kazi ambayo mimi najua kisichokuwamo ndani yake, nikainamisha kichwa, na watu wakaniona mnyenyekevu. Yupo pia mtu aliyeniomba radhi kwa kosa langu, nikampa. Nikimaliza mstari huu nakwenda kumtafuta, kama Mola amemweka hai. Nawe, ikiwa kuna anayerudia rakaa zake kwa sababu yako, usingoje Ijumaa.