Balasi la Haluli la Mtaa wa Chokaani

Hapo zamani, katika mji wa Kisimapembe, alikuwako mfuaji nguo aitwaye Kazija, mjane mwenye watoto wanne, hana mbele wala nyuma. Watu walimwita Juha, kwa sababu kila alichoambiwa alikifanya vilevile kilivyosemwa. Bibi mmoja mwenye majumba aliwahi kumwambia, "Ifue kanzu hii ya mume wangu, nisione juu yake kitu kisicho cheupe," naye Kazija akaisugua mpaka nakshi yote ya zari ikang'oka. Bibi yule akazimia. Kazija akaianika kanzu, akaenda zake kupika.

Mji ule ulikuwa na tabibu mmoja tu, naye alikaa ndani ya jumba la Sultani Badru, nyuma ya milango na mabawabu. Mtu wa mtaani akiugua, alipona mwenyewe au alizikwa. Watu wakanung'unika, na manung'uniko yakapanda mpaka yakamfikia Sultani. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mwepesi wa kuridhika na mawazo yake. Ikawa siku zile ametoka kuugua tumbo lililofunga, na tabibu amempa haluli, ile dawa chungu ya kuendesha, akapata nafuu iliyomfanya aione dunia nzima kuwa nyepesi. Basi akasema, "Nitatengeneza mambo ya tiba katika mji wangu. Dawa iliyonifaa mimi itawafaa na raia." Akaamuru kila mtaa upelekewe balasi la haluli, mtungi mkubwa wa kubebwa na watu wawili, na kila mgonjwa, awe wa jicho, wa goti au wa jino, anywe kata moja asubuhi na moja jioni.

Kisha akawaita wajumbe wa mitaa akawauliza, "Raia wanasemaje?"

Wajumbe wakajibu hata mabalasi hayajatoka ghalani, "Wanakushukuru, Maulana. Wanalia kwa furaha."

Mjumbe wa Chokaani, mtaa aliokaa Kazija, alikuwa Bwana Shali, mtu mnene mwenye sauti tamu. Ada ya mji ule tangu enzi za mababu ilikuwa kwamba mjumbe ndiye mtaa. Sikukuu ikifika, Sultani huipelekea Chokaani sinia ya pilau, na Bwana Shali huila yote barazani pake, watu wa mtaa wamesimama wakimtazama. Akisha kunawa, wao huitikia kwa pamoja, "Tumeshiba, alhamdulillahi," kisha hurudi makwao kula muhogo. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo la ajabu. Lilikuwa hivyo siku zote.

Basi haluli ikafika Chokaani, na mtoto wa mwisho wa Kazija, Mize, alikuwa ana homa. Askari wa Sultani wakaigawa nyumba kwa nyumba, na mmoja akamnywesha Mize kata yake kama amri ilivyosema. Kutwa nzima Kazija akawa anafua nguo za Mize peke yake, za watu zimelala kapuni. Jioni macho ya mtoto yalikuwa yamezama, na homa iko palepale. Kazija akajitanda kanga, akaenda kwa mjumbe.

"Bwana Shali, mwanangu anaishiwa. Tunataka tabibu ashuke mtaani. Mtaa mzima unasema hivyo."

"Mtaa mzima umekwisha kusema," akajibu Bwana Shali, akimenya chungwa. "Nimesema mimi mbele ya Maulana. Mmeridhika."

"Ulituuliza lini?"

"Nimuulize nani, wewe Juha? Nikila mimi, mmekula. Nikiridhika mimi, mmeridhika. Ndiyo ada."

Kazija akafikiri kidogo. "Kumbe. Katika kila jambo?"

"Katika kila jambo."

"Ahsante, Bwana Mjumbe. Nilikuwa sijaelewa."

Asubuhi yake akamwacha Mize kwa jirani, akaenda mpaka barazani kwa Sultani, akapiga magoti. "Maulana, Chokaani hawaitaki haluli. Wanamtaka tabibu."

Wajumbe wakacheka, lakini Sultani hakucheka, maana haluli ile ilikuwa wazo lake na alilipenda. Akasema, "Wajumbe wangu wote wamenena kwamba raia wameridhika, nawe mfuaji nguo wanena sivyo. Basi sikiliza. Kesho niletee hapa barazani rai ya Chokaani nzima, niijue. Lakini asije mtu wa Chokaani ila wewe na mjumbe wenu, wala lisitoke kinywani mwako hata neno moja la kuitia dawa yangu dosari. Ukiweza, omba utakalo. Ukishindwa, wewe na wanao mtatoka katika mji huu kabla ya adhuhuri."

Mjumbe mmoja akamnong'oneza mwenziwe kwamba heri angeambiwa akamkamue jogoo. Kazija akainama, na alipoinama akaona pindo la zari la pazia la barazani limeingia ukungu. Akajisemea kwamba pale panataka ndimu na jua kali. "Nimesikia na nimetii, Maulana," akasema.

Akarudi Chokaani akapita nyumba kwa nyumba. "Haluli yenu mmeinywa?" Huyu akasema ameificha uvunguni. Yule akasema alimpa mbuzi, na mbuzi hajarudi tangu jana. "Iliyobaki irudisheni balasini," akasema Kazija, nao wakairudisha, balasi likajaa mpaka shingoni. Jirani akamsaidia kulipakia kwenye gari la punda, akamwambia, "Mama Mize, wakikufukuza, tutakukumbuka kwa ile kanzu."

Kesho yake baraza ikajaa. Sheria ya baraza ilikuwa kwamba hatoki mtu kabla Sultani hajainuka, kwa hiyo kila mtu alikuwa amejiweka vizuri. Kazija akaingia na kata ya kifuu, mabawabu wawili nyuma yake wamebeba balasi, likatuliwa mbele ya Bwana Shali.

"Maulana," akasema, "dawa hii ni nzuri mno, na watu wa Chokaani wana adabu. Hawakuthubutu kuinywa wenyewe, kwa kuwa mjumbe ndiye mtaa. Akila yeye, tumekula. Basi na akinywa yeye, tumekunywa. Alinieleza mwenyewe."

Sultani akageuka. "Ni kweli, Bwana Shali?"

Bwana Shali akatazama kulia na kushoto. Akikana, ataulizwa kuhusu pilau. "Ni kweli, Maulana, kwa mambo ya... ya sikukuu."

"Katika kila jambo," akasema Kazija kwa upole. "Ndivyo ulivyosema, Bwana Mjumbe, nami kwa kichwa changu kizito nikalishika."

"Ikiwa ndiyo ada, anywe," akasema Sultani.

Kazija akachota. "Hii ya Mzee Ngwali, goti." Bwana Shali akanywa, uso ukajikunja. "Hii ya Bi Rehani, jino." Akanywa. "Hii ya mapacha wa msusi, upele. Wako wawili, Bwana Mjumbe, usimdhulumu mmoja."

"Na huyo wa goti amepata nafuu?" akauliza Sultani, akiinama mbele.

"Bila shaka anajisikia mwepesi, Maulana. Hii ya mwanangu Mize, homa." Hapo Kazija hakutabasamu, na kata ile aliijaza zaidi ya nyingine zote.

Tumbo la Bwana Shali likatoa sauti kama kabati linalokokotwa ghorofani. Mabawabu wakatazama juu. Jasho likamtoka, akashika mkono wa kiti, akabana magoti.

"Tumefika kisimani," akasema Kazija. "Bado upande wa msikitini. Halafu jioni kila mtu na kata yake ya pili."

"Maulana!" akalia Bwana Shali. "Chokaani hawaitaki!"

"Hawaitaki nini?"

"Haluli, Maulana. Hawaitaki wote, wazee kwa watoto. Sijapata kuona mtaa uliokubaliana namna hii."

"Wanataka nini basi?"

"Wanamtaka tabibu, ashuke mtaani. Na wanataka choo, Maulana, wanakitaka sasa hivi."

Sultani Badru akaanza kucheka. Akacheka mpaka kilemba kikamwangukia mapajani, akacheka mpaka kikao kikamshinda, akainuka akajishika mbavu. Na kwa kuwa Sultani ameinuka, Bwana Shali naye akainuka, akapita kati ya watu kwa hatua fupi fupi za haraka, kanzu ameishika kwa mikono miwili, na njia akafunguliwa na kila mtu bila kuiomba.

Sultani akafuta machozi, akawageukia wajumbe waliobaki. "Na mitaa yenu ninyi?"

Wajumbe wakalitazama balasi, ambalo lilikuwa bado limejaa zaidi ya nusu. Ghafla wakakumbuka mengi. Mmoja akasema watu wake hawalali kwa kumtamani tabibu. Mwingine akaapa kwamba wamemsimamisha njiani asubuhi ileile wakimwambia hayohayo, na alikuwa anatafuta tu nafasi ya kuyafikisha.

Kicheko kikampungua Sultani, akaketi akiwa na haya kidogo. "Nimeijua rai ya Chokaani," akasema. "Nimeiona hata ikikimbia. Omba utakalo, Kazija."

"Tabibu aondoke nami sasa hivi, nyumba yangu iwe ya kwanza. Kisha kila siku awe mtaani, mitaa ipokezane. Na mjumbe asije kukuambia raia wanasemaje mpaka awe amepita milangoni kuwauliza."

"Na kwa ajili yako mwenyewe?"

"Lile la kwanza lilikuwa langu, Maulana. Ila pazia lile nipe nikalifue."

"Lifue," akasema Sultani, maana habari za ile kanzu zilikuwa zimemfikia. "Lakini zari uiache mahali pake."

Basi tabibu akashuka Chokaani akililalamikia jua, akamtibu Mize kwa dawa ya homa, na haukupita muda mtoto akaanza kudai uji, kisha kudai sukari kwenye uji, mama yake akajua amepona. Bwana Shali naye akawa anapita nyumba kwa nyumba. Kila nyumba ilikuwa na mengi ya kusema, tena ilikuwa na kiti cha kumkalisha ayasikie yote, akawa anarudi kwake jioni kandambili mkononi.

Sikukuu ilipofika, pilau ya Sultani ikapakuliwa mlango kwa mlango. Kazija akampelekea Bwana Shali sahani yake, sawa na za wengine, akakaa kitako akamtazama mpaka akamaliza.

"Umeshiba, Bwana Mjumbe?"

Bwana Shali akatazama sahani tupu, akaona haya, kisha akasema ukweli. "Sijashiba."

"Ehe," akasema Kazija, akiichukua sahani akaioshe. "Ndivyo watu wanavyojibu wakiulizwa."

Hekaya imeishia hapo. Asiyeridhika nayo, na aseme mwenyewe.