Kasa Aliyepakwa Hina

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, katika mji mmoja wa pwani, harusi bila nyama ya kasa haikuwa harusi. Ndivyo walivyosema wazee, na wazee wenyewe walipenda matumbo yao kuliko mabibi harusi.

Siku ya harusi yake, Mwanate alikuwa ndani, hina mbichi mikononi. Somo yake aliyemfunda, Bi Zaituni, alimkataza kushika kitu. Uani, kasa alilazwa chali, amefungwa kamba, akaita:

"Mwanate, nifungue. Nina mayai tumboni."

Mwanate akaitazama hina yake, akaipuliza ikauke.

"Mwanate, nifungue. Nina mayai tumboni."

Akageukia ukutani.

"Mwanate, nifungue. Nina mayai tumboni." Mara hii kasa alikuwa analia. Mwanate akashindwa kuvumilia, akainuka.

"We mwali! Utaonwa!" akamaka Bi Zaituni.

"Nionwe, somo."

Uani akamkuta mjomba wake, Shekue, ananoa kisu.

"Rudi ndani! Bila kasa hakuna harusi."

"Basi isiwepo, mjomba."

"Utatuaibisha!"

"Aibu ni kumchinja mja mzito."

"Utazeekea humu humu nyumbani!"

"Nitazeeka. Lakini kisu hicho kitaanza na mimi."

Akapiga magoti, akafungua kamba, akampindua kasa kwa mikono miwili. Hina yote ikaishia mgongoni kwa kasa. Mara ngoma zikaingia, bwana harusi Kombo mbele.

"Kombo, mwonye mkeo!" Shekue akafoka.

Kombo akamtazama Mwanate, akamtazama kasa.

"Mjomba, mimi nilimposa Mwanate. Kasa sikumposa."

Watu wakaangua kicheko. Kombo akashika upande mmoja, Mwanate upande wa pili, wakambeba kasa hadi ufukoni. Akachimba, akataga, akafukia, akarudi baharini. Harusi ikaliwa wali na kunde, na hakuna aliyekufa!

Tangu hapo, kila bibi harusi wa mji ule hulinda kiota cha kasa mpaka watoto watoke. Watu hawawashi moto ufukoni, watoto wa kasa wasije wakaufuata wakapotea njia ya baharini. Kasa akinasa wavuni, wavuvi hukata wavu. Na anayefoka kuliko wote akiona moto ni nani? Mjomba Shekue!

Mtazame kasa mgongoni, uone madoa yale ya kahawia. Ni hina ya Mwanate.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Anayetaka nyama ya kasa, na aanze na mimi.