Jina la Pembeni

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali sana, palikuwa na mji wenye vichochoro vingi kuliko watu. Humo aliishi Bi Staajabu, msusi wa mikeka, kipofu tangu utotoni. Watu hawakumwita kwa jina. Walimwita yule kipofu wa mlango wa buluu, naye mlango hajapata kuuona, wala hiyo buluu haijui. Jambo hilo lilimuuma sana. Tena kila alipotaka kwenda zahanati, ilimbidi angoje mtu wa kumshika mkono.

Siku moja mchapaji wa mji akatangaza: "Nataka ramani ambayo asiyeona ataisoma kwa vidole, aende zahanati mwenyewe. Nitaichapa, igawiwe nyumba kwa nyumba. Ila desturi ya mtambo wangu mnaijua: ramani moja, jina moja pembeni. La pili sichapi, hata nikisihiwa vipi."

Akaja Fumo, mchora ramani. Akapima kichochoro hiki, akapima kile, miezi mitatu, hata viatu vikaisha soli. Akachora vizuri, lakini wino ni wino. Kidole hakikuona kitu.

Akaja Mize, mshona kofia. Akaichukua ramani ya Fumo, akadunga mstari huu kwa sindano, akadunga ule, hata vidole vikavimba. Alidunga kwa juu, kama alivyozoea kudunga kofia zake, nukta zikatokeza upande wa pili. Akapapasa, akaridhika. "Tayari hiyo!"

Akaitwa Bi Staajabu aijaribu. Akashika fimbo, akashika ramani, akaenda. Ramani ikasema kushoto, akaenda kushoto. Ikasema kushoto tena, akaenda. Akanyoosha mkono abishe hodi zahanati, akashika pua ya punda.

Waliokuwapo zizini walicheka. Yeye aliogopa, maana hapakuwa na sauti hata moja aliyoijua. Akasimama palepale, akaipapasa karatasi upande huu, akaipapasa upande ule, mpaka akaelewa.

"Nani kaigeuza ndani nje?" akauliza aliporudishwa. "Kanzu ukiigeuza, mfuko wa kulia unahamia kushoto. Na hii ni vivyo hivyo. Kaka Fumo, ichore kinyume kwanza. Wewe dada Mize ndipo udunge, ikitokeza iwe sawa. Na haya maua uliyotia pembeni yaondoe, kidole kinadhani ni visima."

Fumo akachora kinyume. Mize akadunga. Bi Staajabu akaenda mara ya pili, akafika, akabisha hodi.

"Nani?" akauliza muuguzi.

"Mimi Staajabu."

"Umeletwa na nani?"

"Nimejileta."

Akaingia akicheka kwa furaha.

Basi wote watatu wakaenda kwa mchapaji.

Fumo akasema: "Jina ni langu. Bila mistari yangu, sindano ingedunga nini?"

Mize akasema: "Jina ni langu. Mistari yake ilikuwapo, na kipofu akabaki nyumbani. Sindano ndiyo iliyomtoa."

Bi Staajabu akasema: "Jina ni langu. Ningenyamaza, mngewapeleka vipofu wote kwa punda."

"Lakini dada," Mize akamwambia, "mla wali hajiiti mpishi."

"Na mpishi asiyeonja," akajibu, "huwalisha watu chumvi. Nyinyi mji mzima unawajua kwa majina. Mimi najulikana kwa mlango. Na safari hii jina litadungwa, nitalisoma mwenyewe."

Fumo akainama. "Hayo ni kweli," akasema, "lakini jina halitolewi kwa huruma."

"Sijaomba huruma," akasema Bi Staajabu. "Nimeomba haki yangu."

Mchapaji akashika sindano, akaiinamia pembe ya karatasi. Akamtazama huyu, akamtazama yule. Bi Staajabu akaweka kidole pembeni pale, pangali laini.

Haya, enyi mliokaa kitako mkinisikiliza: ingekuwa sindano ile iko mkononi mwenu, mngedunga jina la nani? Je, nani alistahili?